Sukari haitoki kwenye mfuko? Anza na kusaga

Kama unapika bia ya nafaka tupu kwa mfuko, yaani kimea chote unakiloweka kwenye maji moto ndani ya mfuko wa kitambaa, na kila ukipima unakuta sukari pungufu, usikimbilie kuongeza kimea, angalia kwanza kimesagwaje. Sukari nyingi inapotelea hapo. Mi nilihangaika na maji, na joto, na muda, mwisho nikachota kimea kiganja kimoja nikakimwaga kwenye karatasi nyeupe, nikakuta punje nzima nzima kibao. Punje nzima haipitishi maji vizuri, wanga unabaki humohumo na unautupa pamoja na makapi.

Raha ya mfuko ni kwamba kitambaa chenyewe ndo chujio, huogopi kuziba kama wale wa pipa lenye bomba chini, kwa hiyo saga laini. Kinu cha rola kibane hadi nafasi kati ya rola iwe kama milimita 0.7, na kama unasagiwa dukani waombe wapitishe mara mbili. Unachotaka ni kila punje iwe imevunjika vipande, na unga kidogo. Usifanye unga mtupu lakini, mfuko utagoma kuchuja.

Mi kwa kilo 5 na lita 24 kabla ya kuchemsha nilikuwa napata 1.040 kwenye haidromita (kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo), nikabadilisha kusaga tu nikapata 1.047. Kimea cha kawaida kilo moja inaweza kutoa pointi kama 300 ukizidisha lita kwa pointi (pointi ni zile namba za mwisho, 1.040 ni pointi 40), kwa hiyo kilo 5 ni 1500. Sasa 24 mara 40 ni 960, asilimia 64 ya sukari yote inayowezekana. 24 mara 47 ni 1128, asilimia 75. Tofauti kubwa sana hiyo na kimea ni kilekile!

Ukishasaga vizuri, mwaga kimea polepole huku unakoroga na mwiko mrefu mpaka chini, maana yakitokea mabonge ndani yake yanabaki makavu kabisa. Joto liwe nyuzi 65 hadi 68, funika, zungushia blanketi, moto ukiwa umezimwa, na kila dakika 15 au 20 fungua ukoroge tena. Saa moja inatosha mara nyingi ila usiamini saa peke yake, weka tone la maji ya kimea, bila makapi, kwenye kisosi cheupe udondoshee ayodini, ikigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, ongeza dakika 15 au 30. pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe kati ya 5.2 na 5.6 sampuli ikishapoa, na bia za rangi nyepesi kwenye maji yenye alkali nyingi ndo husumbua, pH inabaki juu, hapo asidi ya laktiki kidogo sana inasaidia.

Kisha mfuko wenyewe. Ukiuning'iniza tu, kilo 5 zinaweza kuondoka na lita 5 hivi za maji matamu, sasa ukamue bila woga, vaa glavu nene. Na ukitaka zaidi, tenga lita 4 au 5 za maji mapema, yapashe hadi nyuzi 75, utumbukize mfuko humo dakika 10 ukikoroga, kamua, halafu yarudishe yote kwenye sufuria.

Kabla ya kupima koroga sufuria yote, sampuli ipoe hadi nyuzi 20 kama haidromita yako imepimiwa hapo, na andika na lita pia, bila lita ile namba ya haidromita haikwambii kitu.