Damu tumboni kwa mgonjwa wa Uviko-19 au mafua makali: ya kuandaa kabla haijatoka

Mgonjwa wa Uviko-19 au mafua makali anapolazwa katika hospitali za kusini kama Ligula, Sokoine au Ndanda, macho yote huwa kwenye oksijeni. Tumbo husahaulika, ilhali mgonjwa wa Uviko-19 ndiye huyo huyo anayepewa deksamethasoni, dawa ya steroidi, pamoja na sindano za kuzuia damu kuganda, na zote huongeza hatari ya damu kutoka tumboni.

Kazi kubwa iko kwenye maswali ya siku ya kwanza. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa hakuna, kwa sababu vidonge vya dukani wengi hawavihesabu. Taja kwa majina dawa za maumivu zinazochubua tumbo: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Msimu wa korosho, mtu aliyeinama shambani kutwa nzima humeza vidonge vya maumivu ya mgongo na asimwambie yeyote. Uliza vidonda vya tumbo, na kama amewahi kuishi Kanda ya Ziwa. Kichocho cha matumbo cha huko huvimbisha mishipa ya umio, nayo ikipasuka damu hutoka kwa wingi. Kichocho cha mkojo kilichozoeleka kusini hakifanyi hivyo.

Siku hiyo hiyo pima hemoglobini (wingi wa damu), kundi la damu na figo. Enoxaparini ya kinga, ndiyo sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 kwa siku, hujilimbikiza mwilini figo zikiwa dhaifu, na hapo dozi lazima ibadilishwe. Omeprazoli ya kinga, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, si ya kila mtu: wape waliowahi kutoka damu tumboni, wenye damu isiyoganda vizuri, na walio kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya saa 48.

Choo kikiwa cheusi, dalili ya damu tumboni, angalia pua na faili kwanza. Oksijeni kavu hutoa damu puani ikamezwa, na vidonge vya madini ya chuma hugeuza choo rangi. Lakini mapigo yakipita 100 huku presha ikishuka, usisubiri. Weka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, namba 16 au 18, simamisha enoxaparini, mpe omeprazoli miligramu 80 kwa mshipa na umwite daktari. Hemoglobini ya saa za mwanzo hudanganya, huonekana nzuri kabla maji ya mwili hayajaizimua damu iliyobaki. Kwa wengi damu huongezwa hemoglobini ikiwa chini ya 7 (gramu kwa desilita); mwenye ugonjwa wa moyo, chini ya 8.

Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kusini kiko Mtwara, na kutoka Liwale wakati wa masika ni mbali mno. Chupa mbili za damu zilizolinganishwa na ya mgonjwa ziwe tayari kabla. Akipewa rufaa, barua itaje saa ya sindano ya mwisho ya enoxaparini.