Kabla Hujakaa Mbele ya Ubao

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayejiandaa kwa shindano la sataranji ni hili: ujue hatua ulizokariri zikiisha, unabaki na nini ubaoni.

Mwaka 2000 mjini London, Vladimir Kramnik alimvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia kwa pointi 8.5 kwa 6.5. Kasparov hakushinda mchezo hata mmoja kati ya 15. Mara nne alipoanza na kete nyeupe alikutana na Ulinzi wa Berlin, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo (ufunguzi) unaochaguliwa na mwenye kete nyeusi, na mara zote nne ikawa sare. Katika ufunguzi huo malkia wote wawili hutoka kwenye hatua ya 8, mfalme mweusi hupoteza haki ya kujificha kwa kubadilishana nafasi na ngome katika hatua moja, na askari wawili weusi hufuatana kwenye safu ya c, safu wima ya tatu. Ukiitazama haraka nafasi hiyo, yaani jinsi kete zilivyokaa ubaoni, utamhurumia mweusi, mwenye kete nyeusi. Kramnik alikuwa ameielewa nafasi ile kwa kina, na Kasparov, bingwa wa mashambulizi, alikosa cha kushambulia.

Kwa hiyo ipange nafasi hiyo ubaoni siku kadhaa kabla, uicheze pande zote mbili. Mweupe ana askari wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme, hivyo kila kete zinapobadilishana, yaani kila upande unapokula kete ya mwenzake, ndoto yake ya kupenyeza askari mmoja hadi mwisho wa ubao ili awe malkia inasogea karibu. Mweusi naye awatunze maaskofu wake wawili na akatae kubadilishana ovyo. Ukiyaelewa haya, hata ukisahau hatua moja hutapotea.

Uwe pia na jibu kwa mpinzani anayekwepa nafasi hiyo. Mweupe akisogeza askari hadi mraba wa d3 kwenye hatua ya 4, malkia hawatoki na mapambano ni mengine kabisa. Wengi wanaojiandaa kwa Berlin hukwama hapo hapo.

Ulizia mapema muda wa kila mchezaji na kama kuna sekunde za nyongeza kwa kila hatua. Simu usiingie nayo ukumbini, maana inaweza kukugharimu mchezo mzima. Lala mapema, usiku wa mwisho si wa kujifunza ufunguzi mpya. Na kete yako ukiigusa ni lazima uicheze. Ukitaka kuiweka sawa tu, subiri zamu yako, tamka kwanza kwamba unairekebisha, ndipo uiguse.