Mafuta ya mwarobaini kwa mbaazi na kunde za kuweka ghalani

Chukua kiganja cha mbaazi ulizopura juzi uzitazame juani. Ukiona vitone vyeupe vimeganda kwenye punje, vidogo kuliko kichwa cha pini, hayo ni mayai ya bungua, mdudu anayetoboa mbaazi na kunde. Mara nyingi yametoka nazo shambani, hasa pale mavuno yalipochelewa. Yai likianguliwa, funza haonekani nje. Hutoboa punje papo hapo chini ya yai na kuingia. Wiki tatu au nne baadaye hutoka mdudu mzima kwa tundu la duara, na jike huanza kutaga upya.

Mafuta ya mwarobaini huliziba yai lisipumue. Funza aliyekwisha kuingia hayamfikii vizuri, kwa hiyo paka mara tu mbaazi zikishakauka. Usisubiri matundu.

Nachingwea na Masasi wapo wanaotupia majani makavu kwenye gunia. Majani yana nguvu ndogo. Dawa hasa imo kwenye kiini cha kokwa. Okota matunda yaliyoiva njano, uyaoshe kuondoa nyama siku hiyohiyo, kisha anika kokwa kivulini penye upepo. Jua kali huua nguvu ya dawa. Kokwa yenye ukungu itupe, inaweza kuwa na sumukuvu.

Zikikauka, menya, pepeta, utwange viini kwenye kinu mpaka viwe rojo la kahawia. Nyunyizia maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikanda kama unga wa chapati, hadi mafuta yang'ae juu, ndipo ukamue. Wanaoshindwa hapa wamemwaga maji mengi kwa pupa, wakapata uji mchungu. Kilo moja ya viini vilivyomenywa hutoa mililita 100 hadi 150.

Kipimo ni kijiko kimoja cha chakula kwa kilo 5 za mbaazi, kunde au choroko. Gunia la kilo 100 linataka mililita 300. Mwaga mbaazi kwenye turubai, tia mafuta kidogo kidogo, songa kwa mikono mpaka kila punje ing'ae. Ukizidisha, za mbegu huweza kuota vibaya.

Kabla ya hapo hakikisha ni kavu: tia kiganja cha mbaazi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani.

Za kuuza kwenye mnada usizipake, zitabaki na harufu. Za kupika zioshe kwa maji ya moto, uyamwage. Mafuta haya hayanywewi, na mjamzito asiyaonje kabisa.

Kwa mahindi na makopa (mihogo mikavu) usiitegemee njia hii. Fukusi wa mahindi hutaga ndani ya punje na kuziba tundu, na dumuzi huchimba ndani kwa ndani; mafuta yaliyopakwa juu hayawafikii. Huko tumia mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, na uifunge barabara.