SOMO: Jinsi ya kukitumia kijitabu cha Epictetus kwenye maisha ya kila siku (kwa wanaouliza falsafa ya Kigiriki inasaidia nini)

Wakuu salaam. Nimeamua kuandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma linki tu, maana kila wiki lazima mtu anifuate inboksi, "falsafa ya Kigiriki nianzie wapi, na itanisaidia nini mimi ninayehangaika na kodi ya nyumba". Sitagusa falsafa yote. Nachukua Wastoa peke yao, kundi moja la wanafalsafa hao na Epictetus ni mmojawapo, kwa sababu mbinu yao ndiyo inayotumika leo kwenye vyumba vya washauri wa saikolojia na wengi hawajui imetoka wapi.

Hatua ya 1. Jua ulikotoka mkondo huu. Inasimuliwa kwamba Zeno, mwanzilishi wake, alikuwa mfanyabiashara wa Citium, kisiwa cha Cyprus, meli ikamzamia na mali, akaishia Athens, na kwenye mwaka 300 KK hivi akaanza kufundisha kwenye baraza moja la pale sokoni. Baraza la namna hiyo Wagiriki wanaliita stoa, jina likatoka hapo. Yaani hawa ni watu wa barazani kabisa, aliyepita alisimama akasikiliza.

Hatua ya 2. Tafuta kitabu. Epictetus alikuwa mtumwa Rome, mguu wake mbovu, akaja kuachwa huru, na Kaizari Domitian alipowafukuza wanafalsafa akahamia Nicopolis huko Ugiriki akafungua shule. Yeye hakuandika kitu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika alichosikia darasani. Kijitabu kinaitwa Encheiridion, sura fupi fupi 50 na kitu. Tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya Elizabeth Carter inapatikana bure mtandaoni.

Hatua ya 3. Soma sura ya kwanza tu, siku tatu mfululizo. Usikimbie.

Hatua ya 4. Chukua kauntabuku, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yaliyo mikononi mwako, yaani unavyolihukumu jambo, unachokitaka, unachokikwepa. Kulia yasiyo mikononi mwako: mwili, mali, sifa, cheo.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipoharibu, naomba msome taratibu. Epictetus kwenye sura ya 5 anasema kinachomvuruga mtu sio tukio, ni hukumu anayoiweka juu ya tukio. Mimi nilivyoisoma mara ya kwanza nikaelewa kwamba cha upande wa kulia hakinihusu, basi. Rafiki yangu akafiwa na baba yake, nikaenda msibani, nimekaa naye pale kwenye mkeka, analia, mimi naanza kumweleza kwamba kifo hakiko mikononi mwetu na kinachomuumiza ni hukumu yake. Hakunijibu. Alivuta kanga ya mama yake iliyokuwa pale akajifunika uso, akageukia ukutani. Miezi kadhaa hatukuongea. Baadaye nikafika sura ya 16, nikakuta Epictetus mwenyewe anasema ukimwona mtu analia kwa msiba usisite kumpa maneno ya huruma, na ikibidi ugumie naye, ila moyoni jikumbushe usizame. Nilikwenda kumwomba radhi na hiyo sura nikamsomea. Kwa hiyo onyo: mbinu hii unajifanyia wewe, humfanyii mwenzio, na msibani usiitoe kabisa. Onyo la pili, upande wa kulia haumaanishi uzembe. Cicero, mwandishi wa Kirumi, ana mfano wa Wastoa wa mpiga mshale, kazi yake ni kulenga kwa uwezo wake wote, mshale ukishaachia upinde basi upepo una mambo yake. Asiyelenga hajawa Mstoa.

Hatua ya 6. Usiku jihoji. Seneca, Mstoa wa Rome, anaeleza kwamba taa ikishaondolewa na mkewe akanyamaza (anaijua tabia yake) anaipitia siku yake yote bila kujificha kitu. Dakika kumi zinatosha.

MASWALI

Swali: Mkuu hicho kitabu kinaitwaje na nakipata wapi?
Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Kwa hiyo nikifukuzwa kazi nicheke tu? Hii falsafa ni ya watu wenye hela.
Jibu: Aliyeifundisha alikuwa mtumwa na kilema. Rudia hatua ya 5, mfano wa mpiga mshale, halafu tuongee.

Swali: Samahani kaka, umesema washauri wa saikolojia wanaitumia. Kivipi? Mimi nasomea ustawi wa jamii.
Jibu: Dada hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Albert Ellis, mwanasaikolojia wa New York, miaka ya 1950 aliona kuchimba utoto wa mgonjwa miaka na miaka hakusogezi mambo, akaanza kumuuliza mgonjwa anaamini nini kuhusu lililomtokea. Mpango wake una herufi tatu: A ni tukio, B ni imani yako juu ya tukio, C ni maumivu yanayofuata. Watu wanadhani A inaleta C moja kwa moja, yeye akasema hapana, B iko katikati. Hiyo ni ile sura ya 5 ya Epictetus, na Ellis alikiri wazi kwamba ameitoa kwake. Miaka ya 1960 Aaron Beck kule Philadelphia akafika sehemu hiyo hiyo kwa wagonjwa wa sonona, na kitabu chake na wenzake cha 1979 kinasema mizizi ya tiba hii iko kwa Wastoa. Ndiyo hiyo wanayoifupisha CBT (cognitive behavioural therapy, tiba ya kurekebisha fikra na tabia). Mshauri anapokupa karatasi ujaze "nilifikiria nini, ushahidi uko wapi", anafanya kazi ya sura ya kwanza, pale Epictetus anapokufundisha kuiambia kila picha kali inayokujia kichwani: wewe ni picha tu, sio kile unachoonekana. Ukisoma zaidi leta maswali hapa hapa, hata kumi.

Swali: Mbona ni ya wapagani, Muislamu anaruhusiwa?
Jibu: Mambo ya kuruhusiwa muulize shekhe wako, mimi sio mufti. Ila neno lenyewe "falsafa" tumelipata kwa Waarabu nao walilitoa kwa Wagiriki, na wanazuoni wa Kiislamu walimwita Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, Mwalimu wa Kwanza.

Swali: Na "kalamu" je? Niliwahi kusikia nayo ni ya huko.
Jibu: Ndio, kwa Kigiriki kalamos ni tete, Waarabu wakasema qalam, sisi tukapata kalamu. Asante kwa kuikumbusha.

Swali: Naweza kutumia simu badala ya kauntabuku?
Jibu: Unaweza, ila zima data. Mimi kwenye simu niliishia kusoma magrupu.

Swali: Kaka yangu ameuza kiwanja cha marehemu baba bila kutuambia. Hapo kushoto naandika nini, maana nikifumba macho naiona ile miti ya mipera tuliyoipanda.
Jibu: Pole sana ndugu yangu. Kwanza kama kuna haki ya mirathi ifuatilie, huko ndiko kulenga mshale. Kisha fungua sura ya 43. Inasema kila jambo lina mishikio miwili, mmoja unabebeka na mwingine haubebeki. Kaka yako akikukosea usilishike jambo kwa "amenidhulumu", huo mshikio haubebeki, lishike kwa "ni kaka yangu, tumelelewa pamoja". Kushoto andika hivyo, kwa mkono wako, na mipera uiandike. Ukishaenda kuongea naye rudi utuambie.