Somo: Kupima thamani za k0 na Q0 katika kinu cha utafiti

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wale ambao tayari wanajua kunururisha sampuli kwa nyutroni na kusoma spektra ya gama, lakini hadi sasa wamekuwa wakiazima thamani za viini, yaani k0 na Q0, kutoka kwenye majedwali, na sasa wanataka kuzipima wenyewe.

Mwaka 1936 George de Hevesy na Hilde Levi walionyesha, huko Copenhagen, kwamba disprosiamu kidogo iliyomo ndani ya itriamu hutambulika kwa mnururisho unaobaki baada ya sampuli kupigwa na nyutroni. Kwa muda mrefu baadaye, mchambuzi alipaswa kunururisha kiwango cha kila elementi kando ya sampuli, au akokotoe kwa kutumia eneo-mkato la kiini (kipimo cha uwezekano wake wa kunasa nyutroni), wingi wa isotopu, masi ya atomu na uwezekano wa mwale wa gama kutoka, huku kosa la kila kimoja likijikusanya katika jibu. Mwaka 1975 Simonits, De Corte na Hoste walipendekeza vyote hivyo vifungwe katika namba moja inayopimwa moja kwa moja kwa kulinganishwa na dhahabu:

k0 = (M_Au · θ · σ0 · γ) / (M · θ_Au · σ0_Au · γ_Au)

Hapa M ni masi ya atomu, θ ni wingi wa isotopu, σ0 ni eneo-mkato kwa nyutroni za themali, γ ni uwezekano wa mwale wa gama kutoka, na Au ni dhahabu. Namba hii ni ya kiini na mwale wake tu. Kwa hiyo kazi yote iliyo mbele yetu ni kuondoa katika kipimo kila kinachotokana na kinu chako na kigunduzi chako, ili mtu mwenye kinu kingine apate namba ileile.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Tumia aloi ya alumini yenye asilimia 0.1 ya dhahabu, katika karatasi nyembamba ya milimita 0.1. Elementi unayoipima iwe kampaundi safi ambayo fomula yake ina uhakika, iliyokaushwa vizuri, kwa maana maji yaliyojificha ndani ya chumvi hupunguza masi halisi ya elementi bila mizani kukuonya. Iwe pia kidogo au iliyozimuliwa, ili atomu za nje zisizikinge zile za ndani.

Hatua ya pili ni kuijua chaneli ya mnururisho. Unahitaji f, yaani uwiano wa mtiririko wa nyutroni za themali (zilizopozwa) kwa zile za epithemali (zenye nishati kubwa zaidi), pamoja na α, inayoeleza jinsi mtiririko wa epithemali unavyoachana na umbo la 1/E, E ikiwa nishati ya nyutroni. Unahitaji pia Q0, yaani uwiano wa integrali ya rezonansi ya kiini kwa σ0 yake, unaoonyesha jinsi kiini kinavyonasa nyutroni za epithemali kikilinganishwa na za themali. Zirkoniamu inafaa sana kwa kazi hii. Zirkoniamu-96 ina Q0 ya takriban 252, na zirkoniamu-94 ina takriban 5.3, hivyo moja huhisi nyutroni za epithemali kwa nguvu na nyingine kwa kiasi, na dhahabu, yenye Q0 ya 15.7, inakamilisha mlinganyo. Tena miale inayotumika, 743.4 keV kwa zirkoniamu-97 na 724.2 na 756.7 keV kwa zirkoniamu-95, imekaribiana kiasi kwamba ufanisi wa kigunduzi karibu unajifuta wenyewe kati ya isotopu hizo mbili. Zirkoniamu-97 ina nusu-uhai wa saa 16.7, kwa hiyo ihesabu mapema. Zirkoniamu-95, ya siku 64, inaweza kusubiri.

Naomba msiipite hatua hii haraka. Chukua kobalti, yenye Q0 ya takriban 2, na kwa sasa tuiache α. Kama f ni 20 na umekosea kwa asilimia 10, k0 yako inahama kwa takriban asilimia 3. Kama f ni 100, kosa lilelile linaihamisha kwa takriban asilimia 1 tu. Ndiyo maana, kwa kupima k0, ninapendelea chaneli ambayo nyutroni zake zimepozwa vizuri, hata kama mtiririko wake ni mdogo.

Hatua ya tatu ni kupima Q0 yenyewe. Nururisha sampuli na dhahabu zikiwa wazi, kisha nyingine kama hizo ndani ya kifuko cha kadimiamu chenye unene wa milimita 1, ambacho humeza nyutroni zilizo chini ya takriban 0.55 eV. Uwiano wa kadimiamu (mnururisho wa iliyokuwa wazi ukigawanywa kwa ule wa iliyokuwa ndani ya kifuko) wa sampuli na ule wa dhahabu ndio unaotoa Q0. Kadimiamu ni sumu, hupata joto ndani ya kinu, na hupunguza riaktiviti (uwezo wa kinu kuendeleza mnyororo wa mpasuko), kwa hiyo waendeshaji wa kinu lazima wakubali mpango wako kabla kifuko hakijaingia.

Hatua ya nne ni kuhesabu miale. Pima ufanisi kwa vyanzo vya yuropiamu-152, bariamu-133, siziamu-137 na kobalti-60, vikiwa umbali wa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye kigunduzi. Hesabu 10,000 katika kilele hutoa kosa la takwimu la asilimia 1. Kwa k0 nzuri tafuta 100,000, ambapo kosa hushuka hadi asilimia 0.3.

Hatua ya tano ni hesabu. Gawanya kila kilele kwa masi, muda wa kuhesabu na visahihisho vya kujaa, kuoza na kuhesabu, kisha:

k0 = (A / A_Au) · [(f + Q0_Au(α)) / (f + Q0(α))] · (ε_Au / ε)

Hapa A ni matokeo ya mgawanyo huo, ε ni ufanisi wa kigunduzi, na Q0(α) ni Q0 iliyosahihishwa kwa α. Kwa kobalti-60, mwale wa 1332.5 keV, k0 inapaswa kukaribia 1.32. Anza na hiyo kabla ya kugusa kiini ambacho thamani yake inabishaniwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisitumie karatasi ya dhahabu safi, ambayo ninayo tayari?*

Dhahabu ina rezonansi (nishati ambapo kiini hunasa nyutroni kwa nguvu ya pekee) kubwa sana karibu na 4.9 eV. Katika karatasi safi, tabaka la juu humeza nyutroni hizo na la ndani hubaki na njaa, hivyo dhahabu itaonekana dhaifu kuliko ilivyo na k0 zako zote zitapanda pamoja. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua kwa kuwa matokeo yako yatapatana yenyewe kwa yenyewe.

*Sampuli yangu ni dhaifu. Naweza kuisogeza karibu na kigunduzi?*

Niliwahi kufanya hivyo kwa kukosa subira, na k0 ya kobalti ikashuka. Miale ya 1173.2 na 1332.5 keV hutoka karibu kwa wakati mmoja, na ukiwa karibu kigunduzi huijumlisha kuwa tukio moja la 2505.7 keV, hivyo vilele vyote viwili hupungua. Ongeza muda wa mnururisho au wa kuhesabu badala ya kusogea.

*Naomba ufafanuzi kuhusu lutetiamu: mlinganyo huu unaifaa?*

Hapana, ndugu yangu. Lutetiamu-176 haifuati kanuni ya 1/v, yaani uwezekano wa kunasa kupungua kadiri kasi v ya nyutroni inavyoongezeka, na ndivyo ilivyo kwa yuropiamu-151. Kiasi cha nyutroni kinachonaswa hubadilika na halijoto ya nyutroni katika chaneli. Tumia mlinganyo wa Westcott, unaozingatia jambo hilo, na upime halijoto hiyo kwa lutetiamu yenyewe ukiilinganisha na elementi inayofuata 1/v.