Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua vali ya moshi ya pikipiki ya mipigo miwili

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kama pikipiki yako ina vali hiyo. Pikipiki nyingi za abiria zinazopita Goma, kuanzia Birere hadi Ndosho, ni TVS na Boxer zenye injini ya mipigo minne, nazo hazihusiki na maelezo haya. Hata miongoni mwa zile za mipigo miwili, Yamaha AG 100, ambayo mashirika ya afya na ya kilimo yameitumia kwa miaka mingi vijijini, haina vali inayobadilisha kimo cha tundu la moshi, na anayeifungua akiitafuta anaharibu gasketi bure. Utaikuta katika pikipiki za mashindano na za njia mbaya kama Yamaha YZ 125, YZ 250 na DT 125 R, Kawasaki KX na KDX, Suzuki RM, na KTM nyingi. Kila kiwanda kimeipa jina lake, YPVS kwa Yamaha na KIPS kwa Kawasaki, na maumbo yake hutofautiana: nyingine ni pipa dogo linalozunguka, nyingine ni ulimi unaoning'inia, nyingine ni vipande bapa vinavyoteleza. Usianze kabla hujajua ya kwako ni ya aina gani.

Katika injini ya mipigo miwili, moshi hutokea kwenye tundu lililo ukutani mwa silinda, ambalo hufunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe inapopanda na kushuka. Tundu linaloanzia juu hufunguka mapema na kuipa injini nguvu inapozunguka kwa kasi, lakini huinyima nguvu kwenye mizunguko ya chini. Tundu lililoshushwa hufanya kinyume chake. Vali hupanda na kushuka kwenye paa la tundu hilo ili injini moja ipate faida zote mbili. Kwa kuwa inakaa katikati ya njia ya moshi, mafuta ya kulainishia ambayo hayakuungua yote huigandia, hukaukia hapo kwa joto na kuwa ukoko mweusi, hadi vali inakwama.

Goma inaongeza sababu yake. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani, hivyo kabureta iliyopangwa kwa nchi za chini huingiza esansi nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuiunguza. Ndiyo maana ninaamini kwamba kusafisha vali bila kutazama kabureta ni kufanya nusu ya kazi. Soma kwanza rangi ya buji, yaani plagi inayotoa cheche. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, panga kutafuta jikleri (kipande chenye tundu linalopima esansi ndani ya kabureta) ndogo kwa ngazi moja, au kushusha sindano ya kabureta kwa kuhamishia klipu yake mfuo mmoja juu. Lakini anayesafiri mara kwa mara hadi Uvira, kwenye nyanda za chini za Ziwa Tanganyika, akumbuke kwamba kule hewa ni nzito zaidi, na esansi iliyopunguzwa kupita kiasi inaweza kuunguza pistoni.

Kabla ya kushika spana, hakikisha pia kwamba tatizo ni vali. Vali iliyokwama ikiwa imefungwa huacha pikipiki ivute vizuri mwanzoni kisha ikatae kupanda mizunguko. Iliyokwama ikiwa wazi huifanya iwe legelege chini na kushtuka ghafla juu. Chujio la hewa lililoziba, ringi za pistoni zilizolika na kizuia sauti kilichojaa mafuta huleta dalili zinazofanana na hizo, na kuvikagua ni rahisi zaidi. Katika pikipiki nyingi kuna kifuniko kidogo ubavuni mwa silinda, na ukikitoa huku mwenzako akiongeza mizunguko ya injini kwa muda mfupi, utaona kama mhimili wa vali unageuka. Zile zinazoendeshwa na mota ndogo ya umeme hukaguliwa kuanzia kwenye waya na kebo zake.

Sehemu inayowakwamisha wengi ni vipuri, na hapa ninaomba msomaji asiharakishe. Maduka ya Birere yamejaa vipuri vya pikipiki za mipigo minne, kwa sababu ndizo zenye wateja. Gasketi na pete za mpira za YZ au KTM mara nyingi huagizwa kutoka nje, na pikipiki iliyofunguliwa ikisubiri gasketi hugeuka kuwa lundo la vyuma vinavyopotea kimoja kimoja. Basi pata kwanza kitabu cha ufundi cha modeli na mwaka wako hasa, andika namba za vipuri vilivyomo, uvipate mkononi, ndipo ufungue. Gasketi ya kifuniko cha vali unaweza kuikata mwenyewe kwenye karatasi maalumu ya gasketi yenye unene uleule. Ile ya chini ya silinda usiibuni kamwe, kwa maana unene wake ndio unaoamua kimo cha matundu yote na nafasi iliyobaki juu ya pistoni.

Mahali pa kazi panahitaji uangalifu kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa vumbi letu ni la mawe ya volkeno, gumu na lenye ncha, na likiingia ndani ya silinda husaga ringi na ukuta pamoja. Usifanye kazi hii uani wakati wa kiangazi huku upepo ukivuma. Osha pikipiki siku moja kabla, uiache ikauke, kisha uiingize chumba chenye sakafu iliyofagiwa na kunyunyiziwa maji. Weka akiba ya maji safi ndani mapema.

Chumba hicho kiwe na madirisha wazi na kiwe mbali na mbabula. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kuufikia moto ulio chumba cha pili. Kwa kulowekea ninapendelea mafuta ya taa au mazuti, ambayo hayashiki moto upesi hivyo, na kuyaacha yafanye kazi usiku kucha kabla ya kuosha kwa maji moto na sabuni. Soda kostiki, ambayo watengenezaji wa sabuni huinunua kwa urahisi, isikaribie kabisa vali wala silinda, kwani hula aluminiamu na kutoa gesi inayowaka. Vivyo hivyo, brashi ya chuma na msasa vitaondoa ukoko pamoja na ngozi ya vali. Tayarisha kipande cha mti mgumu kilichochongwa, brashi ya shaba nyeupe, vitambaa visivyoacha nyuzi na glavu.

Andaa simu yenye chaji ya kutosha, maana umeme unaweza kukatika, na upige picha kila hatua kabla ya kulegeza skrubu inayofuata. Katika vali zenye meno, kama za KX, jino moja likikosewa vali haitafunguka kwa wakati wake. Na kipande bapa kilichorudishwa kichwa chini kinaweza kuigusa pistoni. Vikopo vidogo vyenye majina vitatenganisha skrubu za kulia na za kushoto. Kabla ya kukwangua ndani ya tundu, pistoni iwe juu kabisa ili mwili wake uzibe njia ya kwenda silindani, na kitambaa kifuatie.

Amua mapema ni kasoro gani utakayoikubali. Mhimili unaocheza, ufa kwenye ulimi au ukingo uliopigwa na ringi haviponi kwa kusafishwa, na kipuri hicho kibadilishwe hata kama pikipiki italala wiki kadhaa. Skrubu za hapo ni ndogo na hukatika kwa urahisi. Tafuta spana yenye kipimo cha kukazia na ufuate namba za kitabu.

Mwisho, nunua mafuta halisi ya mipigo miwili na sirinji kubwa ya duka la dawa kabla ya siku ya kazi. Utapaka utando mwembamba wa mafuta hayo kwenye vali unapoirudisha, wala si grisi, ambayo huungua na kuganda. Kisha utapima mchanganyiko wa esansi na mafuta hayo: kwa uwiano wa 40 kwa 1, bidoni ya lita 5 za esansi huhitaji mililita 125 za mafuta, na kwa 30 kwa 1 kama mililita 167, kulingana na kitabu cha pikipiki yako.