Kabla Hujalipa Ada ya MBA: Mambo ya Kuangalia Unapochagua Shule

Wengi huanza kwa kufungua orodha ya shule bora za biashara duniani, wakatazama kumi za juu, kisha wakajiuliza ipi itawapokea. Kwangu mimi huko ni kuanzia mwisho. Orodha haijui unataka kufanya kazi gani. Andika kwanza, kwa sentensi moja, kazi unayoitaka baada ya kuhitimu: cheo, aina ya kampuni na nchi. "Kujiendeleza kitaaluma" haihesabiki. Mhandisi anayetaka kuhamia benki ya uwekezaji, kijana anayeandaliwa kushika biashara ya familia na meneja anayetaka kupanda cheo palepale alipo, wote watakuambia wanataka MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, lakini shule inayomfaa mmoja inaweza kuwa hasara tupu kwa mwingine. Ukikosa cha kuandika, ahirisha mwaka mmoja. Hutapitwa na kitu: shule nzuri hupenda mwombaji aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, na AMBA, chombo cha London kinachotoa ithibati kwa programu za MBA, hudai uzoefu wa walau miaka 3.

Sentensi hiyo ndiyo itakayokuamulia aina ya programu, jambo ambalo watu hulipita haraka mno. Programu ya miaka miwili, iliyozoeleka sana Marekani, ina likizo ndefu katikati ambayo mwanafunzi huitumia kufanya kazi kwa majaribio kwenye kampuni. Kwa anayebadili fani, miezi hiyo ina thamani kuliko nusu ya masomo yenyewe, maana kampuni nyingi huajiri kutoka kwa wale waliokwisha kuwaona kazini. Ulaya programu nyingi ni za mwaka mmoja au zaidi kidogo. Shule ya INSEAD, yenye kampasi Fontainebleau huko Ufaransa, Singapore na Abu Dhabi, humaliza kwa miezi 10, na humo nako kuna tofauti: wanaoingia Januari hupata mapumziko ya kufanya kazi ya majaribio katikati, wanaoingia Agosti hawapati. Jambo dogo kama hilo halionekani kwenye orodha yoyote ya ubora. Meneja mwenye miaka mingi kazini ana MBA ya watendaji, ambayo Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha mwaka 1943, naye husoma bila kuacha ajira. Ya mtandaoni au ya jioni inamfaa anayebaki na mwajiri wake. Kwa anayetaka kuhama fani na nchi kwa pamoja, siishauri.

Ithibati huchukua nusu saa kuhakiki, na usiiruke. Majina matatu yanayotambulika kimataifa ni AACSB, EQUIS na AMBA. Mawili ya kwanza hukagua shule nzima, la tatu hukagua programu zenyewe. Usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya shule. Nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe, kwa sababu wapo matapeli wanaobuni hata vyombo vya ithibati. Lakini pia usibabaishwe na shule zinazotangaza kwamba zinazo zote tatu. Harvard na Stanford zina ya AACSB peke yake na hakuna mwajiri anayewauliza wahitimu wao kuhusu zilizobaki. Ithibati ni kiwango cha chini. Haikwambii shule ipi ni bora kuliko ipi.

Sasa orodha za ubora. Sisemi uzitupe, ila ujue zinapima nini. Ile ya gazeti la Financial Times huangalia, pamoja na mengine, mshahara wa mhitimu miaka 3 baada ya kumaliza, na mshahara huo hurekebishwa kulingana na gharama za maisha za kila nchi. Kwa hiyo dola unazoziona pale si zile zinazoingia mfukoni: mhitimu wa nchi ambako maisha ni rahisi anaweza kuonekana anampita wa New York, ilhali kwa fedha halisi ameachwa mbali. Isitoshe, sehemu kubwa ya takwimu hutolewa na shule zenyewe. Shule ya biashara ya Fox, katika Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, ilishika nafasi ya kwanza kwa MBA ya mtandaoni kwenye orodha ya U.S. News, chombo cha habari cha Marekani, miaka minne mfululizo, 2015 hadi 2018, kabla haijabainika kwamba data ilipikwa. Mojawapo ya takwimu hizo ilisema wanafunzi wapya wote 255 walileta alama za GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara; ukweli ni kwamba walikuwa 50. Aliyekuwa mkuu wa shule hiyo, Moshe Porat, alitiwa hatiani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 14. Waliojiunga wakiamini namba moja walikuwa wamekwisha kulipa.

Hati ninayoiamini kuliko zote ni ripoti ya ajira ya wahitimu. Shule makini huitoa kila mwaka, na shule isiyoitoa imekwisha kujieleza. Ila ripoti hii nayo ina namna yake ya kusomwa. Ukiona "asilimia 92 walipata kazi ndani ya miezi mitatu", uliza kwanza: asilimia 92 ya nani? Kwa kawaida si ya darasa zima, ni ya wale waliokuwa wakitafuta kazi. Waliolipiwa na waajiri wao, walioanzisha biashara na walioendelea na masomo huondolewa, na hiyo ni haki. Tatizo ni kundi la wale ambao shule haina habari zao. Likiwa kubwa, asilimia yote inayumba, kwa sababu aliyekosa kazi ndiye mwenye hamu ndogo ya kujibu dodoso.

Baada ya hapo shuka kwenye mishahara. Wastani huvutwa juu na wachache wanaolipwa sana, hivyo tafuta kiwango cha katikati, yaani kile ambacho nusu ya wahitimu wako juu yake na nusu chini. Tenganisha mshahara wa msingi na bonasi ya kuanza kazi, ambayo hulipwa mara moja tu. Halafu angalia mgawanyo wa sekta na wa maeneo. Shule inaweza kuwa na mishahara ya kupendeza kwa sababu theluthi ya darasa imeingia kwenye ushauri wa kibiashara. Wewe unayetaka kusimamia viwanda au hospitali, takwimu hiyo haikuhusu. Tafuta idadi ya walioingia sekta yako. Wakiwa wawili kati ya mia tatu, umepata jibu. Tazama pia ripoti ya miaka mitatu au minne kwa pamoja, maana mwaka mmoja mzuri wa uchumi unaweza kuipamba shule yoyote.

Na kuna swali moja ambalo ripoti nyingi hulijibu kwa maandishi madogo: wanafunzi waliotoka nje ya nchi walipata kazi kwa kiwango gani, na wangapi walibaki pale? Ukikosa, iandikie ofisi ya ajira ya shule uwaulize moja kwa moja. Jinsi watakavyokujibu ni habari tosha.

Upande wa fedha, ada ndiyo inayotangazwa, lakini haiko peke yake. Shule nyingi kubwa za Marekani hutoza zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka kabla hujalipa kodi ya nyumba, bima ya afya wala nauli. Ongeza mshahara utakaoukosa. Chukua mfano wa mtu anayelipwa 20,000 kwa mwaka, akaenda programu ya miaka miwili yenye ada ya 60,000 kwa jumla na matumizi ya 40,000. Gharama yake halisi ni 140,000, kwa sababu ameacha pia 40,000 za mshahara. Akirudi kazini kwa 50,000, amepata nyongeza ya 30,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na atahitaji takriban miaka mitano kurudi alipokuwa, hapo riba ya mkopo haijaguswa. Fanya hesabu hiyo kwa namba zako, kisha uirudie ukidhani utapata mshahara mdogo kuliko ulioutarajia. Hatari nyingine husahaulika: kukopa kwa dola halafu kulipwa kwa sarafu inayoshuka thamani.

Viza iangalie mapema, maana kanuni hubadilika na serikali. Marekani mhitimu wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi miezi 12 baada ya masomo, na programu iliyosajiliwa kuwa ya sayansi na teknolojia humwongezea miezi 24. Shule kadhaa zimesajili MBA zao kwa namna hiyo na nyingine hazikufanya. Kwa mgeni, tofauti hiyo ni kubwa kuliko hatua kumi kwenye orodha.

Njia ya kufundisha nayo ina uzito. Harvard hufundisha zaidi kwa visa halisi vya kampuni, darasa la watu 90 hivi, na uchangiaji wako darasani unaweza kufika nusu ya alama za somo. Mpole asiyependa kukatiza wenzake atapata tabu, labda ndiyo sababu aende, labda ndiyo sababu asiende. Hudhuria darasa moja, hata kwa video, kabla hujaamua.

Mitihani ni suala la kalenda tu. Alama za GMAT na za GRE, mtihani mwingine wa kujiunga, hudumu miaka 5; za IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, miaka 2. GMAT ya sasa huenda hadi 805, na 645 yake inalingana takriban na 700 ya zamani, kwa hiyo usitishike na ushauri wa aliyefanya toleo lililopita. Shule nyingi hupokea maombi kwa awamu, ya kwanza mnamo Septemba na ya pili Januari. Anayehitaji viza au ufadhili asisubiri ya tatu, kwa kuwa fungu la ufadhili huwa limekwisha kupungua.

Zungumza na wahitimu, lakini si wale waliochaguliwa na ofisi ya udahili. Watafute mwenyewe LinkedIn: waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita, wanaotoka mazingira yanayofanana na yako. Usiwaulize kama walifurahia, karibu wote watasema ndiyo. Waulize kazi yao ya kwanza waliipata kupitia nani, na ni kampuni zipi hasa zilizofika chuoni kufanya usaili mwaka wao.

Ukipata barua ya kukubaliwa, utatakiwa kulipa amana ya kushikilia nafasi ndani ya wiki chache, na mara nyingi hairudishwi. Kabla ya kuilipa, uliza kama unaweza kuahirisha kujiunga viza ikichelewa, na kama ufadhili uliopewa unabaki vilevile mwaka wa pili au una masharti ya alama. Ukiwa na barua ya shule nyingine yenye ufadhili mkubwa zaidi, itume kwa ofisi ya udahili na uombe kiasi chako kiangaliwe upya. Shule kadhaa hukubali kuongeza, na wakikataa, nafasi yako ipo palepale.